Pete, kirungu, ufunguo au sumaku: njia ipi ya kutia ufunguo saa ya dashibodi ya gari la zamani?

Mtu akiniletea saa ya gari la zamani, au akitaka nimuundie nyingine badala ya iliyopotea, swali langu la kwanza ni hili: nani atakuwa anaitia ufunguo, na mkono wake utapita wapi? Wengi hushangaa. Wamekuja na picha za nyuso za saa, wameshachagua tarakimu na rangi ya mishale, wengine wanajua hata idadi ya vito vilivyomo ndani. Lakini saa ya gari si ya ukutani. Imefungwa mahali ambapo mgongo wake haufikiki, inatikiswa kila gari likitembea, na hakuna anayeikumbuka mpaka isimame. Njia ya kuijaza nguvu ndiyo inayoamua kama itakuwa saa au pambo.

Hapa nalinganisha njia zilizotumika tangu gari zilipoanza kuwekewa saa hadi miaka ya 1930, kwa faida ya anayefufua gari la umri huo au anayechora saa mpya ya kufanana nazo. Kila njia ina mahali pake pa kuanzia kuharibika, na mimi huchagua kwa kutazama hapo kwanza.

Gari za mwanzo hazikuja na saa. Ford Model T ilipotoka mwaka 1908 dashibodi yake haikuwa na saa, na aliyeitaka aliinunua pembeni kama alivyonunua vifaa vingine vya ziada. Wenye uwezo walichomeka saa ya mfukoni kwenye kishikio cha ngozi au cha shaba, wakaichomoa wakifika. Kasoro ya saa ya mfukoni ni kwamba inataka kutiwa ufunguo kila siku, na gari halipandwi kila siku. Kwa hiyo mashine za siku nane zikapata soko. Uswisi zilikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, pale Irénée Aubry alipobuni mashine iliyokuja kuitwa Hebdomas, yenye kikopo kimoja kipana cha kamani, yaani ule ukanda wa chuma uliosokotwa unaoiendesha saa, na kikopo hicho kinafunika mgongo mzima wa saa. Georges Ducommun wa kiwanda cha saa cha Doxa, kule Le Locle, Uswisi, alikuwa mpenda magari, na mashine yake ya siku nane ikaingia kwenye dashibodi, zikiwemo za Bugatti. Marekani, kampuni ya Waltham iliuza saa za gari za siku nane kwa wingi.

Kwa nini nane, wakati wiki ina siku saba? Kwa sababu mtu hukumbuka kwa wiki, Jumapili kwa Jumapili, na siku ya nane ni ya kumsamehe akisahau. Tena kamani ikiwa karibu kuisha nguvu yake hushuka na saa huanza kuchelewa, hivyo ni vizuri ijazwe kabla haijafika mwisho.

Hesabu inayobeba mambo yote

Siku nane ni muda wa saa 192. Tuseme kikopo cha kamani kinaweza kuzunguka mara 6 kutoka kujaa hadi kuisha. Basi kila mzunguko lazima uiendeshe saa kwa muda wa saa 32. Kwenye saa ya kawaida ya mfukoni, mzunguko mmoja huiendesha kwa muda wa saa sita au saba tu. Ndiyo maana mashine ya siku nane huongezewa gurudumu moja kati ya kikopo na gurudumu la katikati, lile linalozunguka mara moja kwa saa, ili 32 ipatikane kama 8 mara 4. Kila ukiongeza gurudumu, nguvu inayofika kwenye balansi, lile gurudumu linalokwenda na kurudi kupima mwendo wa saa, inagawanyika na msuguano unaongezeka. Kwa hiyo kamani lazima iwe nzito zaidi, na anayeibana kamani nzito ni kidole cha mtu.

Tatizo la kidole halikwepeki. Chukua kichwa cha kutilia ufunguo chenye kipenyo cha milimita 8, kama cha saa ya mfukoni, kisha chukua pete ya mbele yenye kipenyo cha milimita 70. Kwa kubana kule kule kwa vidole, pete inatoa nguvu ya kuzungusha karibu mara 9 ya kichwa kile. Hapo utaona kwa nini pete ilipendwa, na kwa nini ilivunja kamani nyingi.

| Njia | Kazi ya mkono | Dashibodi itoe nini | Huanza kuharibika wapi |
|---|---|---|---|
| Pete ya mbele | Kuizungusha pete inayoshika kioo | Saa isimame nje ya ubao | Meno ya pete, vumbi, kamani kukatika |
| Kirungu cha chini | Kupapasa chini ya ubao na kusokota | Nafasi wazi chini ya saa | Fimbo kushuka yenyewe |
| Waya wa kupinda | Kama hapo juu, kwa mbali | Njia ya waya isiyo na kona kali | Waya kujisokota na kukatika nyuzi |
| Ufunguo wa nyuma | Kufungua saa, kuigeuza, kutia ufunguo | Bawaba au kishikio cha kuichomoa | Ufunguo kupotea |
| Sumaku ya umeme | Hakuna | Betri iliyo hai wakati wote | Pointi na koili kuungua |

Pete ya mbele

Nianze na ninayoipenda. Saa ya namna hii haina ufunguo wala kirungu. Unashika pete ya shaba inayozunguka kioo, unaisokota kama kifuniko cha mtungi, na saa inajaa. Kutengeneza saa sawa, zipo ambazo unaivuta pete mbele kidogo ndipo inashika mishale, na zipo za kubonyeza kipini ubavuni. Marekani jina lililoenea kwa saa hizi lilikuwa Phinney-Walker, na Uingereza Smiths walizitoa pia.

Uzuri wake unauona ukiwa umekaa kwenye usukani. Dereva wa miaka ya 1910 alivaa glovu nene, gari likiwa wazi, baridi ikimpiga. Kichwa cha milimita 8 asingekishika, lakini pete ya milimita 70 aliishika bila hata kuitazama. Na hakuna kitu cha kupotea.

Ndani yake kuna jambo ambalo anayechora saa lazima alipige hesabu mapema. Pete ina meno upande wa ndani, na meno hayo yanashika gia ndogo. Pete ikiwa na meno 120 na gia ndogo 12, kila mzunguko wa pete unaizungusha gia mara 10. Ukiifunga gia hiyo moja kwa moja kwenye mhimili wa kamani, mzunguko mmoja wa pete utataka kuibana kamani mara 10, na hakuna mkono utakaoweza. Basi gia hiyo hiyo ndogo inashika gurudumu la kamani lenye meno 60. Sasa mzunguko mmoja wa pete unakuwa mizunguko 2 ya kamani, na mizunguko 3 ya pete inatosha wiki nzima. Kiwiko cha mtu kinasokota kama theluthi ya mzunguko kwa mshiko mmoja, kwa hiyo ni mishiko tisa kila Jumapili. Hicho ndicho kipimo ninachokitafuta. Ikizidi mishiko kumi na tano mwenye gari anachoka kabla haijajaa. Ikishuka chini ya sita pete inakuwa nzito, naye atasokota kwa hasira.

Hasira hiyo inataka kinga mbili. Ya kwanza ni kizuizi cha mwisho, kile kijigurudumu chenye umbo la msalaba wa Malta kinachokaa juu ya kikopo. Kinahesabu mizunguko, na ya sita ikitimia kinakataa. Pete ikisimama, inasimama kwenye chuma, na kamani haifiki kuumia. Msalaba huo una faida nyingine: unakuruhusu utumie mizunguko ya katikati ya kamani tu, ule mwanzo mkali na ule mwisho mlegevu ukiachwa, na mwendo wa saa unatulia. Kinga ya pili ni pete kuwa huru ikirudi nyuma. Mkono kwa desturi yake unasokota mbele, unarudi, unashika upya. Pete iliyofungwa moja kwa moja na gia itapeleka kila mrudio kwenye ulimi wa kizuizi, ule unaoizuia kamani isirudi nyuma, na ulimi ule ukilika, siku moja kamani inajifungua yote kwa mkupuo na kuondoka na meno.

Adui mkubwa wa pete ni vumbi. Kitu kinachozunguka mbele ya kioo lazima kiwe na mwanya, na mwanya mbele ya dereva wa barabara ya udongo ni mlango wazi. Nimefungua pete ambayo kwa nje nikeli yake ilikuwa inang'aa. Ndani, grisi ilikuwa imeshika vumbi jekundu ikawa kama uji wa wimbi, na uji ule ulikuwa umefanya kazi ya msasa. Meno ya pete yalikuwa yamelika upande mmoja tu, upande wa kutia ufunguo, yamebaki na ncha kali kama za msumeno. Upande wa pili yalikuwa mapya kabisa. Mwenye gari alidhani kamani imekatika, kumbe kamani ilikuwa nzima na pete ndiyo iliyokuwa inateleza. Ukiunda mpya, weka utepe mwembamba wa sufi iliyoshindiliwa chini ya ukingo wa pete, na grisi uipake kidogo sana.

Tena pete haikubali kuzamishwa. Saa lazima itokeze nje ya ubao vidole vipate pa kushika. Kwenye dashibodi ya mbao ya mwaka 1912 ni sawa, maana kila kitu kilikuwa kimetokeza. Kwenye paneli za miaka ya 1930, ambapo vipimo vyote vimelazwa sawasawa na bati, pete inaonekana kama kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Kirungu cha chini, na waya

Vipimo vilipoanza kulazwa ndani ya ubao, fimbo ya kutilia ufunguo ilielekezwa chini, ikatokea chini ya dashibodi ikiwa na kirungu kidogo chenye mikwaruzo. Mbele panabaki safi, kioo kinazibwa vizuri, vumbi halina pa kuingilia. Kwa saa inayokaa pamoja na kipimo cha mwendo na cha oili kwenye paneli moja, sioni njia bora ya kimakanika kuliko hii.

Tatizo lake ni uzito. Kwenye saa ya mfukoni fimbo ikivutwa nje inaacha kamani na kushika mishale. Ukiigeuza saa hiyo fimbo iangalie chini, kirungu kinaning'inia upande ule ule wa kuvutwa, na kila shimo la barabarani linakivuta kidogo. Ikiachia, gia za fimbo zinashika mishale, nayo inakwama au inaburuzwa wakati mashine ndani inapiga kama kawaida. Mwenye gari anasema saa imekufa, lakini ukiweka sikio unaisikia. Dawa yake ni kugeuza mpango, kirungu kisukumwe juu ndipo kishike mishale, na springi ndogo ikirudishe chini kwenye nafasi ya kutia ufunguo. Kama mashine uliyonayo haikubali hilo, tia springi ngumu zaidi kwenye kishikio cha fimbo, na kirungu kiwe chepesi, cha alumini au bakelaiti, kisiwe cha shaba ya kumwaga.

Panapokuwa na boriti au bomba chini ya saa, waya wa kupinda hutumika, ule wa nyuzi za chuma zilizosokotwa ndani ya ala. Kwa kutengeneza mishale sawa unafaa sana, kwa sababu mishale haihitaji nguvu. Kwa kutia ufunguo kamani ya siku nane mimi siupendekezi ila pasipo na budi. Waya wa namna hii una upande wake wa nguvu. Ukisokotwa kufuata upande wa kukaza nyuzi za nje unabeba, ukisokotwa kinyume unafumuka. Kwa hiyo nunua uliosokotwa kwa upande utakaotilia ufunguo, na upande dhaifu uachie mishale. Ulimi wa kizuizi ukae kwenye saa yenyewe, usikae upande wa kirungu, la sivyo waya utabaki umesokoteka kwa mvuto wa kamani usiku na mchana.

Ufunguo wa nyuma

Huu ni urithi wa magari ya farasi. Saa inakaa kwenye kishikio chenye bawaba, unafungua kama kijimlango, unaigeuza, unatia ufunguo nyuma, unafunga. Mashine inaweza kuwa yoyote, hata saa ya mfukoni ya siku nane, na hakuna gia ya ziada ya kubuni. Kwa gari la maonyesho ambalo mwenyewe analitembeza mara nne kwa mwaka inatosha kabisa, na ukiichomoa unaondoka nayo mfukoni, mwizi asiikute. Ufunguo ufungwe kwa mnyororo ndani ya kijimlango, siku hiyo hiyo ya kwanza.

Sumaku ya umeme

Njia ya mwisho inamwondoa binadamu kabisa, na hapo ndipo wengi wanaponikimbilia wakidhani wamemaliza. Ngojea tuone inafanya nini.

Ndani bado kuna balansi na magurudumu, sawa na saa ya kamani. Tofauti ni kwamba kamani ya wiki imetolewa, ikawekwa springi ndogo inayotosha dakika moja, mbili au tatu hivi. Springi ikilegea, mkono wake unazigusanisha pointi, zile ncha mbili za chuma zinazopitisha umeme, umeme unapita kwenye koili, sumaku inaurusha mkono nyuma kwa pigo moja, springi inajaa tena na pointi zinaachana. Ukiwa umekaa garini injini imezimwa unasikia "tak", halafu kimya, halafu "tak" nyingine. Marekani saa za George W. Borg za namna hii zilijaa kwenye magari kuanzia miaka ya 1930.

Kwa upande wa mwendo, hii ni nzuri kuliko ya kamani, na nasema hivyo japo mapenzi yangu yako kwenye pete. Balansi inapokea nguvu karibu sawa wakati wote, kwa kuwa springi haijapata nafasi ya kulegea. Saa ya siku nane huwa ina mwendo mmoja Jumapili na mwingine Ijumaa. Ya sumaku haina Ijumaa.

Lakini yote inategemea betri, na historia ya gari inasema betri haikuwapo tangu mwanzo. Gari nyingi za mwanzo zilichoma mafuta kwa magineto, kifaa cha kutoa cheche bila betri, zikawaka taa za karabidi, zikawashwa kwa kuzungusha hendeli mbele. Cadillac walipoweka starta ya umeme kwenye gari zao za mwaka 1912, kazi ya Charles Kettering, ndipo betri kubwa na jenereta vilipoanza kuwa kitu cha kawaida garini, na Model T yenyewe ilingoja hadi 1919 kupewa starta ya umeme. Kuweka saa ya sumaku kwenye gari la 1908 ni kuliwekea kiungo ambacho mwili wake haukuwa na damu ya kukilisha.

Halafu kuna kifo chake. Betri ikishuka, sumaku haina nguvu ya kuurusha mkono. Mkono unabaki pale pale, pointi zimegusana, na umeme uliokusudiwa kupita kwa sehemu ndogo ya sekunde unapita mfululizo, usiku kucha. Pointi zinaungana kama zimechomelewa, au koili inapata moto. Baadhi ya saa hizi zina kiungo cha lehemu kinachoyeyuka kikipata joto na kukata umeme, na hicho ukikikuta kimeachia usikiunge tena kabla hujajua kwa nini kiliachia. Mteja wangu mmoja alichukua saa aliyoisubiri miezi miwili, akaifunga kwenye gari, akaliegesha bandani akasafiri. Aliporudi betri ilikuwa imekufa, nami niliponusa saa nilijua kabla ya kuifungua. Harufu ya vanishi ya koili iliyoungua haisahauliki. Ilinibidi nisuke koili upya, waya mwembamba, mzunguko baada ya mzunguko, na tangu siku ile saa ya sumaku haitoki kwangu bila swichi yake na maelezo ya mdomo.

Cheche za pointi nazo zina dawa. Koili ikikatiwa umeme inarudisha pigo, na pigo hilo ndilo linalochimba pointi. Dayodi moja ndogo, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikifungwa sambamba na koili inalimeza. Angalia upande tu. Gari nyingi za Kiingereza za zamani zina chanya ya betri kwenye bodi, na dayodi ikifungwa kwa mazoea ya gari za leo inakuwa njia ya mkato ya umeme. Angalia pia volti: koili ya volti 6 kwenye betri ya 12 inarusha mkono kwa kishindo hadi inapinda.

Basi uchague ipi

Gari la kabla ya 1912 au hivi, dashibodi ya mbao, hakuna betri: pete, bila kusita, yenye msalaba wa Malta ndani. Kama mwenye gari ni mzee ambaye vidole vinamuuma, pete bado, ila ongeza meno ya gurudumu la kamani kutoka 60 hadi 80, akubali mishiko kumi na miwili badala ya tisa.

Paneli ya bati ya miaka ya 1920 au 1930 yenye vipimo vilivyolazwa, na mtu anayeliendesha gari kila wiki: kirungu cha chini, kwa mpango wa kusukuma juu. Mwenye gari akiwa analipeleka kwenye Concours, maonyesho ya magari pale Ngong Racecourse, Nairobi, mara moja kwa mwaka na siku nyingine limefunikwa turubai, na vipimo vyake si vya kulazwa, ufunguo wa nyuma unamtosha.

Sumaku namshauri yule ambaye gari lake lilitoka kiwandani nayo, betri yake iko kwenye chaja, na anataka saa iliyo sahihi. Ukiwa wewe ndiye huyo, funga swichi ya kukata umeme wa saa peke yake mahali ambapo mkono utaikuta unapotoka garini, karibu na kitasa cha mlango. Ukirudi, washa gari kwanza, acha betri ipande, ndipo urudishe swichi na usikilize "tak" ya kwanza. Isiposikika ndani ya dakika tatu, izime.